Aliyetoka Kumlaki Mfalme

Ayandokun alipigwa na radi Jumatano alasiri, na kabla maiti yake haijapoa mji mzima ulikwisha kumfanya mwizi.

Nilikuwa jikoni nasonga amala, ugali wetu wa unga wa viazi vikuu, niliposikia mpasuko ule. Nimefundisha fizikia katika sekondari ya hapa Odo-Edun mpaka nikastaafu, wanafunzi wangu waliniita Mama Umeme wakidhani sisikii, na masikio yangu yanajua radi ya mbali na radi ya karibu. Ile ilikuwa ya karibu. Nikasema kama mama yangu alivyonifunza, "Kabiyesi, mfalme asiyehojiwa," nikafunika sufuria. Hapo ndipo nilipogundua kwamba ngoma iliyokuwa ikilia uwanjani tangu wingu lilipotanda imenyamaza. Nikatoka mbio bila viatu, mwanamke mzima wa umri wangu, kwa sababu nilijua ni ngoma ya nani.

Ayandokun alikuwa mtoto wa marehemu dada yangu. Upande wa baba yake ni ukoo wa wapiga ngoma, wale ambao kila mtoto wao jina lake huanza na Ayan, mungu wa ngoma. Yeye ndiye aliyerithi ngoma mama ya Shango, mfalme wetu wa kale aliyekuwa mungu wa radi, ile ndefu iliyozungushiwa njuga za shaba mdomoni. Na kwetu ngurumo ikianza watu wote hukimbilia ndani, isipokuwa mpiga ngoma huyo. Yeye hutoka. Huitundika ngoma shingoni, husimama mahali peupe, humsalimu Shango kwa majina yake yote ya sifa mpaka mvua ishike. Baba yake alifanya hivyo, babu yake alifanya hivyo, na wote wawili walifia vitandani. Ayandokun akafia uwanjani, njuga shingoni, katikati ya jina.

Mtu aliyepigwa na radi haguswi wala haliliwi. Ni wa Shango mpaka makuhani waje na mkuu wao, ambaye cheo chake ni Mogba. Hufukua ardhi pale alipoanguka, hutafuta jiwe la radi, huchukua mbuzi na kuku wa nyumba ile, halafu Mogba hutamka kwa nini mfalme amempiga. Watu husema Shango hapigi ovyo: hupiga mwizi, hupiga mwongo, hupiga mchawi. Mogba akitamka kwamba marehemu alikuwa mmojawapo, basi hazikwi uani kwake kama mtu na heshima zake. Huburutwa msituni, hufukiwa bila sanda na bila ngoma, mkewe hutoka katika ua ule na nguo aliyovaa tu, na jina la marehemu halipewi tena mtoto.

Na bahati mbaya, wiki iliyotangulia kondoo dume wa sikukuu alikuwa amepotea katika zizi la hekalu la Shango.

Asubuhi ya Alhamisi nilikuta watu wamejaa kuzunguka uwanja, wamejibanza chini ya mapaa ya vibanda vya soko. Maiti ilikuwa pale pale ilipoangukia, imefunikwa mkeka, ngoma yake imelala kwenye matope, makuhani wawili wameketi kando yake. Awero, mke wa Ayandokun, alikuwa ameketishwa nje ya lango la ua wake mwenyewe, nywele zimefumuliwa, macho makavu kwa sababu amekatazwa kulia. Mbuzi wake walikwisha kufungwa kamba kando ya viti vya wazee. Nilipowaona wale mbuzi damu ilinipanda. Hukumu haijatamkwa, lakini mchuzi ulikwisha kupangwa.

"Mwalimu, pole," akaniambia Mama Risi, anayeuza amala na pilipili pale kona, mwanamke ambaye mdomo wake huamka kabla yake. "Lakini ndiyo hivyo. Lisemwalo lipo."

"Lipi hilo lisemwalo?"

"Mimi sisemi kitu. Nasema tu wiki ile kondoo alipopotea, Awero alinunua kwangu pilipili nyingi."

"Pilipili! Mama Risi, kama kununua pilipili ni ushahidi, wewe unayeziuza ungekuwa umeungua zamani."

Wawili watatu wakacheka, kisha wakakumbuka mahali walipo wakanyamaza.

Wakati huo gari likaja likikata matope, likasimama nyuma ya watu. Akashuka Wale, kaka mkubwa wa Ayandokun. Jina lake la kuzaliwa ni Ayanwale, lakini alipohamia Lagos alilikata kichwa jina lile akabaki na mkia. Ni injinia wa umeme. Mimi ndiye niliyemfundisha umeme wa mwanzo kabisa, kwa betri na balbu na nyaya za redio mbovu, na hakuna mwanafunzi aliyenipa raha kama yeye. Alikuwa pia na mkono wa ngoma kuliko mdogo wake, ila siku aliyopata kazi aliiweka ngoma chini na hakuigusa tena.

Hakusalimia mtu. Alikwenda moja kwa moja kwenye mkeka.

"Simama hapo hapo, kijana," akasema Mogba.

Mogba wetu ni Oyelakin, mzee mrefu, nywele zake za mvi zimesukwa kama za bibi harusi, ndivyo wasukavyo watumishi wa Shango. Si mtu mbaya. Wengine waliomzunguka nilikuwa na mashaka nao, lakini Oyelakin ninamjua: akiambiwa jambo la kweli hulitafuna mpaka alimeze, hata likiwa chungu.

"Baba, naomba nimchukue ndugu yangu," Wale akasema. Sauti ilikuwa ya adabu. "Nimpeleke mochwari, daktari aandike, nimzike kwa heshima."

"Wa Shango huyo."

"Baba, hakuna Shango. Kuna wingu limejaa chaji, na kuna ardhi, na ndugu yangu alikuwa katikati. Ni hivyo tu. Hakuna mfalme juu kule. Na kama hakuna mfalme, hakuna hukumu, na ndugu yangu si mwizi. Mnaelewa? Hamwezi kumshtaki mtu kwa barua ambayo hakuna aliyeiandika!"

Uwanja mzima ukavuta pumzi. Mama Risi akashika kichwa. Mmoja wa wazee akasimama na fimbo.

Nilielewa alichotaka kijana wangu. Aliona njia fupi ya kumwokoa mdogo wake ni kumfuta mungu. Lakini njia ile ilikuwa fupi kwa mwenye gari la kurudi Lagos. Awero angebaki hapa. Kesho angekwenda kisimani na watu wangesema, tena kwa sauti zaidi: mume alikula kondoo, shemeji akamtukana mfalme. Na kuna jambo jingine, ambalo sitalificha: Wale alikuwa amekosea. Mimi ninaitwa Sangowemimo, maana yake Shango ameniosha nikatakata. Nimefundisha umeme maisha yangu yote na sijaona siku hata moja sababu ya kulibadilisha jina hili, ingawa walimu wakuu watatu na mchungaji mmoja walinisihi.

Nikaingia katikati ya uwanja.

"Mogba, nina neno. Nataka kusema na huyu kwanza, halafu nitasema nawe."

"Sema, Mwalimu. Tumekuwa tukikungoja. Ilikuwa ajabu umenyamaza muda wote huo."

"Wale. Nani alikufundisha chaji?"

Akanitazama kama mtu aliyevutwa sikio. "Wewe, Mama Mdogo."

"Umewahi kuiona?"

"Mama Mdogo, si wakati wa..."

"Umewahi kuiona?"

"Naona kazi yake. Naipima."

"Huioni. Unaona kazi yake, ukaipa jina. Halafu ukaichorea alama. Pale kwenye transfoma ya kona kuna kishale chekundu kilichovunjika na fuvu la kichwa. Halafu ukaiwekea miiko: usiguse, usikaribie ukiwa umelowa, avae viatu vya mpira anayeihudumia. Kitu kisichoonekana, chenye jina, chenye alama, chenye miiko, na watumishi wenye mavazi yao. Sasa niambie wewe na Mogba mnatofautiana wapi, zaidi ya kwamba yeye amesuka?"

Kicheko kikapasuka, hata Mogba akatikisa mabega. Wale hakucheka.

"Tofauti ni kwamba chaji haina nia," akasema polepole. "Haimchagui mtu."

"Vizuri. Shika hapo hapo, usiachie, nitakuhitaji. Haimchagui mtu. Sasa waeleze hawa radi inavyoshuka. Waeleze kwa Kiyoruba cha nyumbani, si kile cha Lagos."

Alisita. Halafu, kama zamani ubaoni, mikono yake ikaanza kueleza kabla ya mdomo. "Inashuka kutoka winguni kwa vipande vipande, kama mtu anayepapasa njia gizani. Inapokaribia chini, vile vitu vilivyosimama ardhini navyo..."

"Navyo vinafanya nini?"

"Navyo vinapandisha kamkono ka moto kwenda juu. Mti, mnara, mtu. Kila kilichosimama kinanyoosha chake. Mkono wa kwanza kukutana na ule unaoshuka, hapo ndipo njia inafunguka."

"Kwa hiyo radi haishuki peke yake."

"Hapana. Inalakiwa."

Neno hilo alilitoa mwenyewe, sikumtilia mdomoni. Nikamgeukia Mogba.

"Umesikia, Baba? Watu wa maabara wamelijua hili kwa kamera kali sana, na si muda mrefu. Lakini wazee wetu, ambao hawakuwa na kamera wala umeme, walisema mfalme akishuka lazima mtu asimame nje amlaki. Lugha yetu haina salamu ya upepo. Haina salamu ya mafuriko. Ina salamu ya radi, na salamu hiyo ni ile ile tunayompa mfalme akiwa kitini. Nani aliwaambia wazee kwamba huyu anayeshuka hulakiwa?"

"Walibahatisha," akasema Wale, lakini kwa sauti ya chini.

"Walibahatisha! Mwanangu, wewe ukipata jibu bila kuonyesha njia nilikuwa nakupa sifuri. Mtu habahatishi kwa vizazi vyote hivyo kisha akawa sahihi. Tazama mlangoni pa hekalu kuna sanamu ya nini? Mwanamke amepiga magoti, kichwani ana shoka la radi la makali mawili. Makali ya upande mmoja yameelekea huku, ya upande wa pili huku, na mtu katikati amelibeba. Mchongaji hakuliweka shoka shingoni mwa adui. Aliliweka juu ya kichwa cha anayeabudu. Aliyeichonga alijua kitu. Mimi nilihitaji shahada kukijua, yeye alikichonga tu. Kuna mtu kule juu, Wale. Sikufundishi kwa sababu naogopa. Nakufundisha kwa sababu kila mlango niliofungua, wa sayansi na wa lugha na wa mti uliochongwa, nimekuta nyayo zile zile."

Watu waliguna kwa kuridhika. Wazee wakajiegemeza vitini, mmoja akanikonyeza kabisa. Walidhani nimeingia upande wao na kazi imekwisha.

Mogba hakujiegemeza. "Umemtetea mfalme vizuri, Mwalimu. Kwa hiyo yupo, naye ndiye aliyepiga. Basi ndiye aliyehukumu."

"Hapo ndipo ninapotaka kusema nawe, Baba. Jana ngurumo ilipoanza, ulikuwa wapi?"

"Ndani."

"Na hawa?"

"Ndani."

"Mwizi wa kondoo, popote alipo, alikuwa wapi?"

"Ndani," akasema Mogba.

"Ndani, tena pengine amejifunika shuka. Mji mzima ulijificha mgeni alipokuja, akatoka mtu mmoja kumpokea. Mgeni akanyoosha mkono. Ulitaka aushike mkono wa nani? Alimshika yule aliyetoka. Mnasema kapigwa kwa sababu ya uovu. Mimi nasema kapigwa kwa sababu ya adabu! Na wala msiniletee habari za njuga kwamba shaba ndiyo iliyoivuta radi. Alipigwa kwa kuwa katika uwanja mzima kilikuwapo kitu kimoja tu kilichosimama."

"Mgeni njoo, mwenyeji apone," Mogba akajibu palepale, wala sauti hakuipandisha. "Ndivyo tusemavyo. Mwenyeji huyu hakupona. Mgeni gani amwuaye anayemfungulia mlango? Ama Ayandokun alikuwa na hatia, ama unaniambia Shango anaua wasio na hatia. Chagua, Mwalimu. Na uchague kwa uangalifu, maana uko mbele ya hekalu lake."

Hilo ndilo lilikuwa swali, na nilikuwa nimelilalia macho usiku kucha nikijua litakuja.

"Baba, wewe ndiye mwenye kutuimbia habari za Oyo, ufalme wetu wa kale, kila sikukuu. Shango alipokuwa mtu, mfalme kitini, alipanda kilimani na dawa yake ya kuita radi. Akaiita. Ikaja. Ikapiga wapi?"

Mogba akatazama mlango wa hekalu.

"Ikapiga wapi, Baba?"

"Jumba lake mwenyewe."

"Ndani ya jumba kulikuwa na nani?"

"Wake zake. Na watoto."

"Watoto wale waliiba nini?"

Nilisikia mbuzi wa Awero wakitafuna kamba.

"Nijibu, Baba, kwa sababu kama radi humpiga mwizi tu, basi watoto wa Shango walikuwa wezi, na wewe umekuwa ukitudanganya kwa wimbo mtamu. Walikula kondoo wa nani? Na mfalme alipoona alichokifanya, alisema, 'Walistahili'? Alivua taji! Aliacha kiti, aliacha mji, akaenda zake na huzuni yake porini, na huko ndiko alikokuwa mungu. Maadui walisema alijinyonga huko, nasi kila sikukuu tunaitikia kwamba mfalme hakujinyonga; sawa, hakujinyonga. Lakini alilia. Mungu tunayemwabudu hapa ni yule aliyewalilia watu wake waliopigwa bila kosa. Mkisema kila aliyepigwa ana hatia, mnamwambia usoni kwamba machozi yale yalikuwa ya mjinga. Wale anasema mfalme hayupo. Ninyi mnasema yupo, lakini mmemfanya askari wa kukamata wezi wa kondoo. Sijui nani kamtukana zaidi."

Nilikuwa nimemaliza pumzi. Mogba alikuwa akitazama chini, taya zake zikitembea kama anayetafuna mbegu chungu ya kola. Nilimwona akilitafuna jambo lile. Nilifikiri, sasa atalimeza.

Ndipo Mama Risi akasema kutoka chini ya paa, "Maneno ya shule hayo. Matamu. Lakini kondoo bado hayupo."

Na mnajua watu. Manung'uniko yakaanza upande ule, yakahamia upande huu. Ndiyo, kondoo je? Na kwa nini awe yeye? Na baba yake mbona hakupigwa? Mzee wa fimbo akasema tusipoteze muda, watu wa kuburuta wapo tayari. Mogba akainua kichwa, nikaona uso wa mtu aliyeshiba hoja lakini anayeogopa mji wake. Awero pale langoni akasema neno lake la kwanza tangu jana, si kwa mtu yeyote.

"Alikuwa hapendi hata nyama ya kondoo."

Ngurumo ikaunguruma. Upande wa mashariki wingu lilikuwa limejijenga, zito, jeusi tumboni, na hakuna aliyeliona kwa sababu sote tulikuwa tunatazamana. Watu wakaanza kujibana ndani zaidi ya vibanda, wanawake wakavuta watoto. Makuhani wawili walioketi kando ya maiti wakasimama, wakatazama juu, wakatazamana, wakasogea chini ya paa.

Nami nikapandwa na hasira safi kabisa, nikashukuru imekuja kwa wakati wake.

"Mnakwenda wapi?" nikapaza sauti. "Ninyi si mmesema radi humpiga mwizi tu? Basi njooni huku nje! Mama Risi, wewe hujaiba kitu. Toka usimame hapa. Mzee wangu mwenye fimbo, toka. Ngoma hii hapa, ina njuga zake, aichukue mtu mwaminifu aivae shingoni amsalimu mfalme. Mbona mnarudi nyuma? Mnaogopa nini, kama nyote ni wasafi?"

Hakutoka mtu. Wapiga ngoma wengine wa ukoo ule, mabinamu wanne wenye vifua vipana, waliitazama ngoma iliyolala kwenye matope kama wanatazama nyoka. Ilikuwa imeguswa na mfalme. Hakuna aliyetaka kumfuata Ayandokun kwa kuigusa.

Mwangaza ukapasua wingu. Nikaanza kuhesabu kimoyomoyo, kama nilivyowafundisha watoto wa watu, na ngurumo ikafika kabla sijapenda.

"Mama Mdogo." Wale alikuwa kando yangu. Alizungumza kwa sauti ya chini, sauti ya injinia. "Liko karibu sana. Ingia ndani, tafadhali. Unajua vizuri kinachoweza kutokea hapa."

"Najua. Wewe nenda."

Alitazama mkeka. Alimtazama Awero. Akavua viatu vyake vya Lagos, akavipanga vizuri kando, sijui kwa nini alivipanga, akaenda akaiokota ngoma mama. Aliifuta tope kwa shati lake. Alipoitundika shingoni njuga zililia, na mwanamke mmoja chini ya paa akapiga ukelele.

"Siamini, Mama Mdogo," akaniambia. "Nisikudanganye. Lakini huyu hakuwa mwizi."

"Hujaulizwa kama unaamini. Piga."

Akapiga. Mwanzo mikono ilikuwa mizito, inatafuta. Halafu ikakumbuka. Ngoma yetu husema maneno, kila mtu pale anaisikia kama anavyosikia mdomo, nayo ikaanza kumwita mfalme kwa majina yake: mwenye macho ya moto, mpasua ukuta, mume wa Oya, chui amezaye mate ya moto. Ilipofika pale jina lilipokatikia jana, katikati, mikono ya Wale ilisimama. Kisha akalimalizia lile jina, na akaongeza jingine ambalo halimo katika majina ya Shango. Aliliita jina la mdogo wake. Ayandokun, Ayandokun, mwana wa wapiga ngoma, aliyetoka nje. Alimtaja mbele ya mfalme kama mtu anayemtambulisha ndugu yake kwa mwenyeji.

Matone makubwa yakaanza. Mwangaza ukaja tena, na safari hii sikuwa na nafasi ya kuhesabu. Niliogopa. Naijua fizikia ya kitu kile kuliko mtu yeyote katika mji huu, na kila sehemu yake niijuayo ilikuwa inaniambia nikimbie. Nikainua mikono. "Kabiyesi," nikasema, nikasimama pale nilipo.

Awero akaja. Hakuna aliyemruhusu kuondoka langoni. Alikuja tu, akasimama kwa shemeji yake upande wa kushoto, nywele zimelowa zimemfunika uso. Sasa alikuwa analia na hakuna aliyeweza kujua ni yapi machozi na ipi mvua, wala hakuna aliyethubutu kumkataza.

Radi ikapiga. Haikupiga sisi. Ilipiga mnazi nyuma ya msikiti, karibu kiasi cha kuhisi ngozi ikisisimka, na mnazi ukawaka kichwani kama mshumaa ndani ya mvua ile. Wale hakuacha kupiga hata pigo moja.

Nilipofumbua macho Mogba Oyelakin alikuwa amesimama kando yangu uwanjani, misuko yake ya mvi inachuruzika maji, mikono imeinuliwa. Sijui alitoka lini. Alingoja ngoma ifike mwisho wa sifa, kisha akageukia mapaa, kule walikobanana watu wake wote, na wazee wake, na Mama Risi aliyekuwa sasa anatazama vidole vyake vya miguu.

"Ama sote ni wezi," akasema, "ama huyu hakuwa mwizi. Fungueni mbuzi wa watu. Leteni majembe."

Hakuna aliyeuliza majembe ya kuchimbia wapi. Mabinamu wanne walitoka wa kwanza, wameinamisha vichwa, wakaunyanyua mkeka na mtu wao, wakapita naye langoni. Awero alitangulia, akawaonyesha mahali pa kuchimba, uani, karibu na mlango wa chumba chake.